Pikipiki Isiyonguruma

Kabla ya hii ya umeme, Yeremia Nandonde alijulikana Masasi nzima kwa kelele. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na pikipiki nyekundu ya petroli ambayo ekzosi yake aliitoboa mwenyewe kwa msumari, na kila asubuhi akitoka nayo kwake pembeni mwa mji kuja sokoni, kuku walikimbilia vichakani, watoto wachanga waliamka wakilia, na mama lishe wa stendi walijua sasa ni muda wa kubandika maharage. Yeremia alitanua mabega. Mwanaume mzima, fundi redio, ana banda lake sokoni lenye jina lake kwa rangi ya mafuta, halafu apite mjini kimya? Thubutu!

Sasa, fundi redio anakula kwa masikio, na hilo Yeremia alilisahau. Mteja analeta redio, anasema inakoroma. Yeremia anaisogeza sikioni, anasikiliza, na anachosikia ni ekzosi yake mwenyewe, mlio umebaki kichwani tangu asubuhi. Redio zikawa zinaondoka bandani zinakoroma vilevile zilivyokuja. Aliyemwambia ukweli ni mke wake, Justina, binti wa Lupaso asiyejua kuzungusha maneno.

"Baba Yoeli, siku hizi ukiomba chumvi mezani, majirani wote wanaleta chumvi," alimwambia. "Masikio yako yanaondoka, mume wangu, na anayeyafukuza ni hilo lipikipiki lako."

Yeremia alinuna. Alinuna mpaka watoto wakaanza kumwonea huruma. Lakini mtu akishaambiwa jambo la kweli halimtoki, na korosho za Lupaso zilipouzwa msimu ule, aliiuza ile nyekundu, akaongezea na fungu la korosho alilopewa na mkewe, akaagiza pikipiki ya umeme kutoka Dar es Salaam.

Ilishushwa kwenye lori pale stendi, watu wamejaa wanataka kusikia inavyonguruma. Yeremia akavaa kofia ngumu, akazungusha ufunguo, taa zikawaka. Watu wakasubiri. Kimya. "Imekufa hiyo, irudishe ilikotoka!" mtu akasema. Hapohapo ikaondoka zake, laini, mwenyewe yuko juu amekaza uso wa jaji, na umati ukaangua kicheko kilichosikika mpaka soko la samaki.

Aliyeinunua ile nyekundu alikuwa Godwin, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda cha pale stendi. Godwin ni Mmakua, mtani wa Yeremia, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kumkamata.

"Fundi!" alipaza sauti. "Hiyo ni pikipiki au feni?"

"Feni," Yeremia akajibu bila kugeuka. "La kufukuzia Wamakua."

Jina likaganda. Mpaka leo ukifika Masasi ukauliza Yeremia Nandonde anapatikana wapi, watu watakuna vichwa. Uliza Feni, utapelekwa hadi mlangoni.

Lakini wacheke wasicheke, Yeremia alikuwa amepata kitu. Asubuhi ya kwanza tu alipotoka nayo kwenda kazini alisikia mji unaamka. Alisikia fagio uani kwa watu, mbuzi, kengele ya kanisa, mtu anakuna nazi huku anaimba kwa Kiyao, na ile milima ya mawe juu ya mji inarudisha sauti za watoto wa shule. Miaka yote hiyo aliyoishi Masasi, hakuwahi kuisikia Masasi. Alifika bandani ana furaha ambayo hakujua aiweke wapi, akachukua redio ya kwanza mezani, akaisogeza sikioni, akatabasamu. Ilikuwa inakoroma kweli.

Na mambo ya salamu! Zamani akipita kwa wazee alikuwa anainamisha kichwa tu, kwa sababu angesema nini na nani angesikia? Wazee wakasema Nandonde anaringa. Sasa ilikuja shida nyingine, kwamba anatokea bila kusikika. Mzee Yunusi wa duka la kanga aligeuka akamkuta ubavuni, akaangusha birika la kahawa.

"We Nandonde! Unatokea ghafla hivyo, umekuwa jini?"

"Nisamehe, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, lakini hiyo shikamoo ungeanza nayo kule mbali!"

Basi akaanza nayo kule mbali. Kila kona, kabla hajafika, utasikia "Shikamoo mzee! Shikamoo mama!" na majibu yanamfikia akiwa bado anakwenda: marahaba mwanangu, hujambo, nyumbani salama, msalimie Mama Yoeli. Honi yake haina kazi, inaota kutu. Anafika sokoni ameshasalimiana na nusu ya mji, habari zote anazo, nani anaumwa na nani amepata mjukuu. Njiani anakipita kituo cha mafuta na kuwapungia mkono waliopanga foleni, kwa upole wa mtu aliyeacha pombe. Mchana anaichomeka bandani. Umeme ukikatika, na huku kwetu unakatika, anayo betri ya pili, na sola juu ya bati.

Zaidi ya hayo yote alimpata Esther. Esther ni mtoto wa dada yake, Anjelina, aliyeko Mkunya huko juu Newala. Tangu aanze shule aliishi kwa Yeremia mjini, maana kwa Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba kwanza, mengine baadaye. Kila asubuhi mjomba alimpakia, amshushe shuleni, kisha yeye apitilize sokoni. Wakati wa ile nyekundu, Esther alikuwa mzigo wa kimya mgongoni, amefumba macho na kuziba masikio. Kwenye ya umeme mtoto alifunguka. Kumbe ana maneno! Anamwigiza padre, anamwigiza mwalimu wa hesabu, anauliza kwa nini twiga hakohoi. Akiwa na jambo zito anamgonga mjomba mgongoni kwa kidole, mara mbili, na Yeremia anapunguza mwendo kusikiliza. Hakuna redio aliyowahi kuifurahia hivyo. Alikuwa akimwambia kila mteja, aliyeuliza na asiyeuliza: "Yule mtoto wetu ana akili, acha tu."

Esther akamaliza darasa la saba. Desemba ikafika, akapanda Mkunya kwa mama yake ili achezwe unyago, na hapo ndipo feni lilipomletea mjomba wake balaa.

Siku ya mwali kutoka ni siku ya mjomba. Zamani alimbeba mabegani kutoka nyumbani kwa somo, yule mama mtu mzima anayemfunda, mpaka uani kwa mama yake. Siku hizi anambeba kwa pikipiki, na nyuma yake msafara wa pikipiki nyingine, ekzosi zimefunguliwa, moshi na vumbi. Kijiji kinapima heshima ya mwali kwa zile kelele. Wakifika uani, mjomba anapaza sauti kulitaja jina jipya ambalo somo amempa mtoto, na kabla ya pale hakuna anayelijua ila somo na mjomba.

Mwaka uliotangulia alitoka Kurwa, mpwa mwingine wa Yeremia, na aliyembeba ni mjomba huyohuyo kwa ile nyekundu. Alinguruma mpaka makuti yakatikisika. Mama yake Yeremia, Bibi Paulina, alikuwa ameketi kwenye mkeka uani. Macho yake yalishaingia ukungu miaka mingi, haoni, kwa hiyo sherehe yake ni ya masikioni. Kelele zilipokwisha aliuliza, "Wamemwita nani?" Watu wako ngomani, hakuna aliyemjibu. Alikuja kuambiwa kesho yake. "Mimi nilisikia moshi tu," alisema Bibi Paulina, na watu wakacheka, na aliyecheka sana alikuwa Yeremia.

Sasa Anjelina akapiga simu. Ni dada mkubwa, haanzi mbali.

"Yeremia, nakuheshimu. Wewe ndiye mjomba. Lakini mwanangu hatatoka unyagoni kwa feni."

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Watu wote Mkunya wamesikia habari zako. Watasema mwali wa Anjelina aliingia uani kimya utadhani tumemwiba. Nimeshaongea na Godwin, atambeba yeye kwa ile nyekundu. Wewe utakuja nyuma, utaita jina, inatosha."

Yeremia alikaa na simu mkononi baada ya dada yake kukata. Abebwe na Godwin? Mtoto aliyemlea, anayejua hata akikohoa ni kikohozi gani, siku yake moja ya kubebwa abebwe na mtani, tena Mmakua, kwenye pikipiki aliyoitoboa Yeremia kwa mkono wake! Wangemcheka mpaka kaburini, lakini si kicheko kilichomuuma. Alimtaka Esther mgongoni mwake siku ile, basi. Akampigia Anjelina palepale.

"Dada, itanguruma."

"Itanguruma vipi na haina injini?"

"Niachie mimi. Nipe neno lako tu. Ikinguruma, nambeba mimi."

"Ikinguruma, utambeba wewe," Anjelina akasema. "Isiponguruma, Godwin."

Fundi redio ni fundi redio. Alimwita Godwin na ile nyekundu bandani, akamwambia avute mafuta kwa nguvu zake zote, huku yeye fundi anairekodi kwenye simu. Godwin alicheka mpaka akakaa chini. Jioni, nyumbani, Yeremia akafunga spika kubwa nyuma ya pikipiki yake ya umeme, akaunganisha, akabonyeza. Ilinguruma jamani! Ilinguruma kuliko nyekundu yenyewe. Justina alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hebu ngoja nielewe," alisema. "Ulichukua korosho zangu ukanunua kimya. Sasa unakitafutia kelele?"

Yeremia aliinama kwenye spika. Alijifanya anakaza nati.

Walipanda Newala pamoja, Yeremia na feni lake, Godwin na vijana wa kijiweni nyuma. Wapo waliosema haitapanda ule mlima. Chini ya mlima Yeremia alibadilisha betri, akaiacha ile iliyokwisha kwa fundi cherehani mmoja, Adolf, aichomeke, akaanza kupanda. Pikipiki za petroli zilikohoa, zikabadilisha gia, moja ikazima kwenye kona. Ya umeme ilipanda tu, haina neno, huku Yeremia anausikia upepo wa uwanda wa juu, na kule chini mikorosho ikizidi kuwa midogo. "Feni linapanda!" Godwin alipiga kelele kutoka nyuma, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake. Yeremia alifika juu kifua mbele.

Kesho yake ilikuwa siku yenyewe. Nyumbani kwa somo, mwisho wa kijiji, yule mama alimsogelea Yeremia akamnong'oneza jina. Kisha Esther akatoka, amevaa kanga mpya na shanga, macho chini kama mwali anavyotakiwa, mwanamke mmoja amemshikia mwavuli. Alipanda nyuma ya mjomba wake. Anjelina alikuwa ametuma mtu kuhakikisha. Yeremia akabonyeza spika, ikanguruma, yule mtu akaridhika na kukimbia kupeleka habari. Godwin akafungua ekzosi, vijana nao wakafungua, ngoma ikaanza kupigwa kule uani, na msafara ukaondoka.

Ilikuwa fahari, tusidanganyane. Watu walitoka mashambani kuangalia. Vumbi lilisimama, watoto walikimbia pembeni, na Yeremia katikati, mwali wake mgongoni, ananguruma kwa sauti ya kuazima. Uani palikuwa panaanza kuonekana, Anjelina amesimama langoni anacheza, na ng'ambo yake Bibi Paulina kwenye mkeka, kichwa amekiinamisha upande, anatega.

Hapo alihisi kidole mgongoni. Mara mbili.

Alidhani ni mtikisiko wa barabara. Kidole kikarudi, mara mbili tena, kwa nguvu. Yeremia akapunguza mwendo, akainamisha kichwa nyuma kama anavyofanya kila asubuhi mjini.

"Mjomba, zima," Esther alimwambia sikioni. Mwali hatakiwi kusema njiani, lakini alisema. "Bibi hatasikia."

Jamani, Yeremia alimwangalia dada yake pale langoni. Alikuwa amempa neno. Akizima, feni linarudi kuwa feni mbele ya kijiji kizima, na Anjelina alivyo, angeweza kumshusha mwali palepale na kumpakia kwa Godwin. Akaangalia mkeka. Mama yake alikuwa amekinga kiganja nyuma ya sikio, uso umekunjamana kwa kutafuta kitu ndani ya zile kelele asikipate. Mwaka jana naye alikaa hivyohivyo. Kilichomzuia kusikia mwaka jana ni mwanawe aliyemzaa mwenyewe.

Yeremia akazima spika. Halafu akanyoosha mkono juu, kwa sababu siku ile msafara ni wa mjomba, akinyoosha mkono unasimama. Vijana walidhani kuna aliyeanguka. Injini zikazimwa moja moja, ya mwisho ikawa ile nyekundu. Wapiga ngoma, kwa kutojua kuna nini, nao wakaacha. Na katika kimya kile pikipiki ya umeme ikaingia uani na mwali wake, ikisikika matairi tu kwenye mchanga. Anjelina alishika kiuno. Macho yake, Ee Nnungu, acha tu.

"Mbona kimya?" Bibi Paulina akauliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni mimi, Yeremia. Shikamoo."

"Marahaba. Mwali yuko wapi?"

"Nimekuletea." Yeremia alijaza kifua. Hakuwa na haja ya kupiga kelele, lakini sauti ilitoka yote. "Aliyeingia unyagoni ni Esther. Aliyetoka anaitwa Nalinga!"

Mwali akitajwa jina jipya kwa mara ya kwanza sharti aitikie. Esther akafungua kinywa, lakini kuna aliyemtangulia.

"Abee!" aliitika Bibi Paulina kutoka mkekani.

"Abee!" akaitika Esther.

Sauti mbili, moja imechakaa na moja mbichi, na uwanja mzima umezisikia. Bibi Paulina alikuwa amenyanyuka bila fimbo. Nalinga ni jina aliloitwa yeye alipotoka unyagoni, kabla ya ubatizo, kabla ya kuitwa mama wa fulani na bibi wa fulani. Somo wa Esther alilipata kwa marehemu mama yake, aliyekuwa mwali pamoja na Paulina. Waliokuwa wakimwita hivyo walishazikwa wote, hata wanawe hawakulijua.

"Rudia," alisema, machozi yanamtiririka. "Rudia, mwanangu, nisikie vizuri."

Yeremia akarudia. Vigelegele vililipuka, ngoma ikashuka, na Anjelina aliyekuwa ameshika kiuno akaachia kiuno akamkumbatia mama yake, akamkumbatia mwali, kisha akamjia mdogo wake akampiga ngumi ya bega.

"Haikunguruma," alimwambia, analia na kucheka.

"Haikunguruma, dada."

"Mbebe tu. Ni wako."

Godwin alikuwa ametoa kofia, anajifuta macho kwa mkono wa shati. Yeremia alimwona, akamwambia Wamakua nao kumbe wana machozi. Godwin akamjibu ni vumbi la Wamakonde.

Watu walipokuwa wanajiandaa kumzungusha mwali kijijini, Bibi Paulina akauliza hiyo pikipiki inayoacha maneno yasikike iko wapi, naye anataka kupanda. Wakasema bibi, utaanguka. Akasema aliyeitwa Nalinga leo ni wawili, na wote wawili watazungushwa. Nani angebishana naye? Walimkalisha nyuma ya mwanawe, Esther akakaa nyuma ya bibi yake amemshika kiuno, wote watatu wamebanana, mwavuli juu. Yeremia akazungusha ufunguo, wakaondoka taratibu, ngoma na watu wanafuata kwa miguu.

Baada ya muda Bibi Paulina akamgonga mgongoni.

"Mbona hatuondoki?"

"Mama, tumeshaivuka kona ya kisima."

Bibi akausikia upepo usoni. Akazisikia nyayo za watu nyuma, na majani ya mihogo pembeni ya njia, na mjukuu wake anavyohema nyuma ya shingo yake. Mbele watu walikuwa wametoka majumbani na kusimama njiani. Habari ilikuwa imewafikia kabla ya pikipiki.

"Shikamoo, Bibi Nalinga!" mmoja akapaza sauti.

"Marahaba!"

"Shikamoo, Bibi Nalinga!"

"Marahaba, mwanangu, marahaba!"

Nyumba kwa nyumba, kijiji kizima, waliita na yeye akaitikia. Hakuna hata salamu moja iliyompita.